Nyuzi nne tu: miezi miwili kwa mwalimu wa besi, Soweto Mbeya

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu ananiuliza. Kipindi cha saa moja cha kujifunza gitaa la besi ni shilingi 10,000. Ukilipia vinane kwa mpigo unatoa 70,000. Unalipa kwa simu, risiti hakuna. Darasa lenyewe ni chumba cha uani huku Soweto, na upande wa pili wa ukuta kuna fundi wa kuchomelea mageti. Mwalimu ni mzee aliyepiga besi kwenye bendi za dansi miaka mingi kabla hajarudi nyumbani. Hataki jina lake lizunguke mitandaoni, kwa hiyo nitamwita Mzee, kama tunavyomwita wote. Nimemaliza vipindi vinane. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja aliyoikosa haihusiani na ufundishaji.

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Kabwe, na Jumapili ni mpiga gitaa la solo wa kwaya. Huu mwaka wa kumi na moja. Sijisifu, lakini sebene ikifika kwangu akina mama wanatoa vitambaa. Mwezi wa tano mpiga besi wetu akahamishiwa Sumbawanga kikazi. Kamati ikakaa, ikatazama huku na huku, ikanitazama mimi. Nikasema hakuna shida. Nyuzi zenyewe nne tu, na nne hizo nazijua: E, A, D, G, zile zile nene za gitaa langu, ila zimeshuka oktavu moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Solo akapewa kijana mwingine. Tena nilimwonea huruma yeye.

Jumapili ya kwanza nilipiga besi kama solo iliyopata mafua. Kila penye nafasi nikajaza. Waimbaji wakivuta pumzi, mimi natelemka na vidole mpaka freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyumba vinavyogawanywa na vyuma shingoni mwa gitaa). Ibada ilipoisha, mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata siku moja, akaniita pembeni.

"Mwanangu, umechoka sana leo."

"Hapana mama, sijachoka kabisa."

"Basi sisi ndio tumechoka," akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Jumanne yake nilikuwa kwa Mzee.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza napiga nini. Nikamwambia solo, besi nayo naijua kidogo, nimekuja tu kunyoosha. "Ee," akasema, "wote mnakuja kunyoosha." Akanipa besi yake, akaokota kizibo cha soda chini, akakiweka juu ya boksi la spika. Nikadhani anasafisha.

"Uzi wa E, freti ya tano. Piga, hesabu mbili, zima."

Nikapiga. Kizibo kikaanza kucheza juu ya boksi, tititititi. Nikahesabu mbili, nikainua kidole. Kizibo kikaendelea.

"Bado," akasema Mzee.

"Nimeshazima, Mzee."

"Kiambie kizibo."

Nikapiga tena, nikainua kidole haraka zaidi. Kizibo kinacheza. Mara ya tatu nikabana uzi wa E kwa kiganja, kwa nguvu. Kizibo kikapunguza mwendo, lakini kusimama hakisimami. Mzee akanyoosha mkono, akagusa kwa ncha ya kidole uzi wa A, ambao mimi sikuugusa tangu niingie mle ndani. Kizibo kikatulia palepale.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na kwa fundi yanaingia akilini. Freti ya tano ya uzi wa E inatoa A, sauti ile ile ya uzi wa A ukiwa wazi. Ukipiga mmoja, jirani yake anatetemeka bila kuguswa. Hata kwenye gitaa la solo jambo hilo lipo, ila uzi ni mwembamba, sauti inakufa mapema, na mara nyingi unataka iendelee kulia. Besi ukiiacha inakaa pale chini inachafua kila kitakachofuata, na wewe mpigaji husikii chochote kibaya. Watu wanasikia tu kwamba wimbo umejaa matope.

Kipindi chote cha kwanza kikaishia hapo. Kupiga nilikuwa najua, nilifundishwa kuzima. Kidole cha shahada cha kushoto kinabana uzi mmoja, na wakati huohuo kinalala kwa wepesi juu ya nyuzi zisizo na kazi. Gumba la kulia, ukihamia uzi wa A au wa D, linashuka likalale juu ya zile ulizoziacha nyuma. Mikono yote miwili inafanya kazi ambayo ikifanyika vizuri hakuna atakayejua imefanyika. Miaka kumi na moja ya solo haikuwahi kunidai kitu kama hicho. Nililipa elfu kumi kunyamazisha kizibo, na nilipotoka kilikuwa kimenitii mara mbili.

Kipindi cha pili nilikwenda na rula pamoja na kalipa ya kazini, kile kifaa cha kupimia unene, kwa sababu mkono uliniuma na nilitaka kujua kwa nini. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Gitaa langu ni inchi 25 na nusu. Ukitamka hivyo tofauti haitishi. Lakini freti ya kwanza ya besi peke yake ni karibu sentimita 5, ya solo haifiki 4. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, pale ninapotandaza vidole vinne bila kufikiri, kwenye solo haifiki sentimita 10, kwenye besi ni 13. Uzi mwembamba kabisa wa gitaa langu ni robo milimita. Uzi wa E wa ile besi, kalipa ilisoma milimita 2.67. Huo si uzi, ni kamba ya kuanikia nguo.

Mzee alicheka aliponiona napima, lakini ndipo akanionyesha mpangilio wake wa vidole. Huku chini, karibu na mwanzo wa shingo, hatumii kidole kimoja kwa kila freti kama sisi wa solo. Anatumia cha shahada, cha kati na cha mwisho. Kile cha pete kinamsaidia cha mwisho kubana. Ndivyo wapigaji wa besi kubwa ya kusimama walivyofanya zamani, kabla hii ya umeme haijazaliwa. Mimi nilikuwa nalazimisha. Nikabadilisha, na kufikia kipindi cha tatu kiwiko kilikuwa kimeacha kulalamika.

Kidole cha kulia kikafuata. Lengelenge likatoka kwenye ncha ya kidole cha shahada, likapasuka, likatoka jingine chini yake. Jaribu kushika kibano na kuweka skrubu ya simu ukiwa na kidole cha namna hiyo, huku baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba ikiwa imekuganda mikononi. Mteja mmoja alidhani natetemeka kwa sababu sijui kazi.

Hapo nikajaribu kukwepa: nikaja na piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi badala ya kidole. Mzee hakukasirika. Alisema piki si dhambi, akamtaja Carol Kaye wa Marekani, ambaye alikuwa mpiga gitaa wa studio hadi siku moja mwaka 1963, mpiga besi alipokosa kufika kurekodi, yeye akaishika besi, na akaendelea kuipiga kwa piki kwenye rekodi zisizohesabika. Nikafurahi, nikajiona Carol Kaye wa Kabwe. "Yule alichagua piki," Mzee akasema. "Wewe unakimbia lengelenge." Piki ikarudi mfukoni.

Kwa kweli nadhani umbo ndilo linalotudanganya. Tangu Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, alipotoa Precision mwaka 1951, besi yenye freti na ya kuvaa begani, sisi wapiga gitaa tukiiona tunaona gitaa lililopunguzwa nyuzi. Ingekuwa bado ni lile sanduku kubwa kama kabati, hakuna mpiga solo angethubutu kusema "naijua kidogo".

Kazi ya nyumbani ilikuwa kusikiliza, na hapo ndipo niliaibika kitaalamu. Mzee aliniambia nisikilize nyimbo za zamani za bendi ya dansi ya Mlimani Park, nimweleze besi inafanya nini. Nikasikiliza kwenye simu, nikarudi nikamwambia besi yenyewe karibu haifanyi kitu. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema fundi simu. Akanyamaza, akanisubiri. E ya chini ya besi ni mitetemo kama 41 kwa sekunde. E ya chini ya gitaa ni 82. Kile kispika ninachokibandua kila siku, kidogo kuliko ukucha wa gumba, hakina uwezo wa kutoa 41. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja kwamba simu haiwezi kupiga mdundo kama sabufa. Nilirudi nyumbani nikaunganisha sabufa ya shemeji, na mle ndani ya nyimbo nilizokulia nikamkuta mtu ambaye sikuwahi kumsikia, anatembea, anaruka hatua, anasubiri, anarudi.

Kipindi cha tano kilikuwa cha kinanda. Mjukuu wa Mzee alishika do-mi-so tu, bila kuhama. Mzee akaniambia nikae do. Sawa, ikasikika furaha, kama kawaida. Kisha akasema nenda kwenye noti ya la, ile ya chini. Mjukuu hakuhamisha hata kidole kimoja, lakini chumba chote kikaingia huzuni. Nikarudi do, jua likatoka. Nikaenda la, mawingu. Nikakumbuka Jumapili yangu ya kwanza, nilivyokuwa napita juu ya noti zote hizo kwa mwendo wa bodaboda, na kila ninapokanyaga nabadilisha maana ya walichokuwa wanaimba watu arobaini. Solo akikosea, solo amekosea. Hapa nikikosea mimi, ni kwaya nzima imekosea.

Sebene nilikatazwa hadi kipindi cha sita. Nilipofika nilijua sasa nipo nyumbani. Mzee akaweka mdundo wa dramu kwenye simu iliyounganishwa na spika, akanipa mstari mmoja mfupi wa do, fa, so, akasema piga dakika kumi bila kubadilisha kitu. Dakika ya tatu kidole kikachomekea noti moja, ndogo tu, ya urembo. Akasimamisha, akarudisha saa kwenye sifuri. Tulianza upya mara nne. Mara ya tano nilifika mwisho jasho linanitoka katika baridi ile, na nikiri kwamba kuanzia dakika ya saba hivi nilisikia kitu kipya: kiki ya dramu, ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu, na besi zilikuwa zimeshikana, sijui kipi ni kipi. Kilidumu kama dakika mbili, kisha nikaanza kujisifu moyoni, kikapotea.

Sasa ile nyota moja. Kwanza muda: kipindi cha saa kumi kinaanza saa kumi na nusu, kwa sababu Mzee lazima amalize chai yake, na chai ya Tukuyu hainywewi kwa haraka. Hakufidii hiyo nusu saa mpaka umwambie. Pili, jirani wa mageti akianza kuchomelea, amplifaya inaguna na taa inafifia, na siku mbili ilibidi tusimame kabisa. Tatu, tundu la jeki la besi ya kufundishia, pale unapochomeka waya wa spika, limelegea. Ukisogea sauti inakatika. Nilijitolea kulichomea risasi mwenyewe, dakika tano tu, akakataa, eti limemfundishia watu wengi kukaa kimya. Nne, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kiti cha mwanafunzi ni cha plastiki chenye mikono. Besi ni ndefu, mkono wa kiti unaisukuma, unakaa upande upande kama uko kwenye daladala iliyojaa. Nimelisema mara tatu.

Kama hujawahi kushika gitaa lolote, sijui kama utamvumilia. Haelezi kitu mara mbili wala haandiki popote. Kama wewe ni mpiga solo na kwaya yako imekuomba "ushikilie besi kidogo", nenda wiki hii hii, kabla ya Jumapili.

Jumapili iliyopita tuliimba nyimbo tano. Hakuna aliyenipongeza. Kijana wa solo alipongezwa sana. Mwalimu wa kwaya alipita mbele yangu na mkoba wake, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akaendelea na safari.

Nimelipia vipindi vingine vinane. Kiti nabeba mwenyewe.