Mawe ya tangi la matumbawe lisilo na filta: yapi ununue ukiwa Dar

Ukishaamua kufuga matumbawe sebuleni bila filta, bila skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu) na bila tangi la pili huko chini, mawe ndiyo yanayostahili sehemu kubwa ya pesa yako. Kazi yote ya kusafisha maji yanaifanya yenyewe. Juu yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, halafu nitrati. Ndani kabisa, kwenye vitundu ambako oksijeni haifiki, wapo wengine wanaoigeuza nitrati hiyo kuwa gesi ya naitrojeni, ikatoka na kupotea hewani. Mfugaji wa samaki Lee Chin Eng wa Indonesia aliueleza mtindo huu mwaka 1961: mawe, maji ya bahari, mapovu ya hewa, basi. Naye alikuwa anaishi kwenye nchi ya joto kama letu.

Kwa tangi la lita 100 hesabu kilo 12 hadi 18, pungufu kidogo kama mawe ni mepesi. Chini ya lita 100 sikushauri kuanza, maana maji machache yakichafuka asubuhi, jioni unazika samaki.

Namba moja kwangu ni jiwe lililokomaa kutoka kwenye tangi la mfugaji mwenzako anayehama au aliyechoka. Bakteria wamo tayari. Libebe limelowa, ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lilelile, lisikauke hata na foleni ya Morogoro Road. Kagua kwanza kama lina anemoni wadogo wa kahawia wenye mikono myembamba, kwa sababu wakiingia kwako hawatoki kirahisi. Shida ni kwamba hulipati kila siku. Ukibahatika kupata kipande cha kilo moja tu, chukua, kitakuwa hamira ya mawe mengine.

Namba mbili, na ndiyo wengi wetu tutakayoinunua, ni mawe ya chokaa ya machimboni. Dar imekaa juu ya matumbawe ya kale. Miamba ya Wazo inayolisha kiwanda cha saruji ni chokaa ya namna hiyohiyo. Nilipokwenda kwa wauza mawe upande wa Tegeta, kijana alinipokea kwa swali moja: "Tripu nzima au nusu, bro?" Nikamwambia nataka mawe kumi tu, ya kuchagua kwa mkono. Alicheka, akaita wenzake waje wanione. Lakini aliniacha nichague, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yangu ya bajaji.

Kuchagua kwenyewe kuko hivi. Nyanyua jiwe: linalofaa ni jepesi kuliko ulivyotarajia. Lidondoshee maji. Likiyanywa kama mkate mkavu unavyokunywa chai, weka pembeni. Yakiteleza kama kwenye sahani, lirudishe. Kisha tone la siki: chokaa hutoa povu papo hapo. Lisilotoa povu ni la aina nyingine, achana nalo. Yenye mistari ya kutu au madoa ya oili usiyaguse hata ukipewa bure. Nyumbani yasugue kwa brashi, bila sabuni, uyaloweke wiki nzima kwenye maji baridi huku ukiyabadilisha, kisha uyaanike juani. Usiyachemshe, jiwe lenye hewa na maji ndani linaweza kupasuka sufuriani.

Ubaya wa mawe haya ni kwamba yamekufa kabisa. Weka kile kipande cha hamira, tupia kamba mbichi mmoja aoze humo na kutoa amonia ya kuwalisha bakteria, halafu subiri wiki nne hadi sita mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti visome sifuri. Kununua vipimo hivyo hakuna mbadala, macho hayaioni amonia.

Namba tatu ni mawe makavu ya kuagiza nje. Ni mazuri, yana matundu, yamekatwa kwa maumbo ya kuvutia. Ila mzigo wa ndege hupimwa kwa kilo, na wewe unaagiza mawe. Yakifika nayo yanahitaji wiki zilezile za kusubiri. Kama una ndugu anayerudi na kontena, sawa.

Namba nne ni ya kufinyanga mwenyewe kwa saruji na mchanga wa makombe. Rahisi kupata umbo unalotaka, lakini saruji mbichi hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) mpaka ikaua, kwa hiyo yaloweke wiki sita hadi nane. Wengi hawana subira hiyo.

Mwisho kabisa, na usinunue, ni mawe ya kung'olewa baharini yanayouzwa kwa kunong'onezana. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Niliwahi kuletewa moja, nikalipokea kwa ujinga wa mwanzo. Lilikuwa na sifongo iliyokufa njiani. Siku ya tatu nyumba ilinuka kama pwezi aliyesahauliwa juani, na mke wangu akaniuliza kwa upole kama mimi na jiwe langu tunahitaji chumba cha nje.

Vingine vya kununua havina maneno mengi. Pampu mbili ndogo za kuzungusha maji ni bora kuliko moja kubwa. Zote pamoja zisukume lita 1,000 hadi 2,000 kwa saa. Ongeza pampu ya hewa ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku mawe hukosa oksijeni kabla hujaamka. Hita huhitaji hapa. Nunua feni ndogo ipulize juu ya maji Januari na Februari. Feni itayakausha, nawe utajazia maji baridi yasiyo na chumvi. Mimi niliwahi kujazia ya bahari mwezi mzima, chumvi ikapanda, konokono wote wakafa. Kisima chenye chumvi nacho hakifai kujazia, na ya bomba yana klorini.

Maji ya bahari chota upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto Msimbazi pale daraja la Selander, na usichote wakati wa masika. Usipoyaamini, nunua chumvi ya akwariamu, gramu 35 hadi 38 kwa lita. Ya mezani haifai. Badilisha lita kumi kila wiki.

Samaki nunua mwishoni: wawili wadogo kwa lita 100, wasiingie siku moja.