Pikipiki ya milimani: kabla ya kuuliza itapandaje, uliza itashukaje

Tairi la nyuma liligoma kuzunguka nikiwa konani, nashuka kutoka Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, nyuma ya kiti nimefunga mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za kupandikizia ng'ombe. Nilibana klachi, pikipiki ikateremka kimya, injini imekufa, mpaka ikaegemea ukingo wa migomba. Kesho yake fundi alifungua silinda akanionyesha pistoni: michubuko mirefu ya wima, ringi moja imeganda kwenye mfereji wake haitoki hata kwa bisibisi. Nililipa laki tatu na themanini kuchonga silinda na kuweka pistoni ya ova saizi, yaani kubwa kidogo kuliko ya awali. Ng'ombe wa mama niliyekuwa namwendea alipitwa na joto lake, ikabidi tusubiri siku 21 nyingine.

Ilikuwa tu-stroki ya mtumba niliyonunua Arusha. Tangu hapo kila anayetaka pikipiki ya porini ananiuliza achukue tu-stroki au fo-stroki, na wote wanauliza mambo yaleyale: nguvu, ulaji wa mafuta, urefu wa kiti. Nguvu naimaliza kwa maneno machache. Tu-stroki inachoma mafuta kila mzunguko mmoja wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), fo-stroki kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwa ukubwa uleule wa injini tu-stroki ni nyepesi na inaruka. Ukiipanda utalihisi mwenyewe.

Hakuna anayeuliza habari za kushuka, na sisi wa huku tunashuka kila siku ya Mungu. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Kila ulichokipanda asubuhi utakishuka jioni, umechoka, na mwezi wa nne utelezi wa udongo mwekundu unakusubiri.

Sasa sikiliza. Pistoni ya tu-stroki hailainishwi na oili iliyokaa chini ya injini. Oili yake inaingia pamoja na petroli. Kwa zile za kuchanganya mwenyewe, ukiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko mrefu huku gia inailazimisha injini kuzunguka kwa kasi, petroli inayoingia ni kidogo, na oili ni kidogo vilevile. Pistoni inakimbia karibu kavu, inapata moto, inatanuka, inakamata. Juu ya hapo, tu-stroki haikushikilii mteremkoni, kazi yote inabaki kwa breki, na breki peke yake kwenye tope itakulaza chini.

Fo-stroki ina oili yake chini, na pampu inaisambaza hata ukiwa umeachia mafuta kabisa. Unaweka gia ya pili, unaachia mkono, injini yenyewe inazuia mwendo. Breki unaigusa tu.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Honda, na upendeleo wangu siufichi. Kama una hela ya mpya, XR 150L. Kama unatafuta ya zamani, XL 125 iliyotunzwa. Zote ni silinda moja, zinapozwa na hewa, zina kabureta ambayo fundi wa bodaboda wa kijiji chochote ataifungua bila kukuna kichwa. XR 150L ina diski mbele na ngoma nyuma, ina stata na kiki pia. Nimeshuka nayo kutoka Kidia kwenye mvua ya Aprili, gia ya pili mwanzo hadi mwisho, mtungi haujatikisika. Badilisha oili kwa wakati, seti vali zikianza kugonga.

Ya pili ni Yamaha AG 200, fo-stroki pia. Ni nzito na haina haraka, lakini iliundwa kwa ajili ya wafugaji: keria mbele na nyuma, na cheni imefunikwa yote, tope haliigusi. Kwa mtu wa mifugo au kilimo ni mali.

Ya tatu ni tu-stroki yenye kitanki na pampu yake ya oili: AG 100 au DT 125. Mfumo huo Yamaha wanauita Autolube, wanao tangu 1964. Pampu inazunguka na injini, kwa hiyo hata mteremkoni unapata oili kiasi. Hata hivyo, kila baada ya muda bana klachi, vuta mafuta kidogo, ilainike.

Za kuchanganya mwenyewe, mililita 20 za oili kwa lita ya petroli kwa zile za moja kwa hamsini, waachie wanaocheza wikiendi. KTM waliweka injeksheni na pampu ya oili kwenye tu-stroki zao za modeli za 2018, lakini spea zake utaagiza mbali.

Za Kichina za bei rahisi ni fo-stroki, zinashuka vizuri. Kagua spoku na shokapu.

Wauzaji ndio wanaoniumiza. Kila mtumba "ilikuwa ya mzungu wa mradi", kila moja "haijatembea", na waya wa spidomita umekatika. Pikipiki ina miaka kumi na tano, bei inatajwa kwa dola, tena hapa hapa Tanzania. Ukiletewa tu-stroki, fuata waya unaotoka kwenye mkono wa mafuta: unagawanyika, mmoja kwenye kabureta, mmoja kwenye pampu. Fungua kifuniko cha pampu, zungusha mkono, gurudumu lake lazima lisogee.

Yangu pampu ilikuwa imeng'olewa. Muuzaji alikuwa amechanganya oili kwenye tanki la petroli bila kuniambia, mimi nikajaza petroli tupu juu yake pale Himo. Kitanki cha oili kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, na nilifurahi kuona hakipungui. Nilipompigia simu alisema pampu kila mtu anaitoa, na kwamba sikumwuliza. Ni kweli sikumwuliza. Lakini kile kitanki alikijaza yeye, kwa mkono wake, asubuhi ile ile niliyokwenda kuiona.