Unga wa protini baada ya kukatwa tumbo: kopo la kununua na kopo la kuliacha dukani

Jibu kwanza kwa anayekatwa tumbo ili apunguze uzito, maana wengi hutafuta habari hizi wakiwa wamesimama mbele ya rafu au wamebakiza wiki moja waingie chumba cha upasuaji. Nunua unga wa wei (protini ya majimaji ya maziwa) wa aina ya aisoleti, yaani uliochujwa zaidi, usiotiwa ladha, kopo dogo la gramu 900 hivi au chini yake. Ukikosa huo, konsentreti, ile isiyochujwa sana, inafaa kwa mtu ambaye maziwa hayamsumbui. Kopo lolote lenye maneno "mass gainer" (unga wa kunenepesha) liache hapo hapo, hata kama muuzaji anakupunguzia bei.

Kwanza hesabu yenyewe. Upasuaji wa sliivu huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba. Upasuaji wa baipasi hubakiza kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula. Lakini mwili unaendelea kudai gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, la sivyo misuli inayeyuka pamoja na mafuta na kidonda kinachelewa kupona. Gramu 60 ni sawa na mayai kumi. Mtu wa wiki ya pili hamalizi hata yai moja, tena bado yuko kwenye vyakula vya majimaji. Kazi ya unga ni kuziba pengo hilo tu.

Sasa geuza kopo usome nyuma. Picha ya mtu mwenye misuli iliyoko mbele haikuhusu. Tafuta namba mbili: uzito wa kipimo kimoja (kile kijiko kikubwa cha kuchotea unga), na gramu za protini ndani ya kipimo hicho. Kipimo cha gramu 31 chenye protini gramu 25 ni asilimia 80, hicho ni kizuri. Kipimo cha gramu 334 chenye protini gramu 50 ni asilimia 15, na kilichobaki karibu chote ni wanga na sukari. Kipimo cha namna hiyo ndicho utakachokikuta kwenye makopo ya kunenepesha, na maduka ya vifaa vya mazoezi huyapanga rafu moja na mengine kana kwamba ni ndugu. Kwa mtu wa baipasi sukari hiyo inashuka kwenye utumbo mdogo kwa kishindo. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linakata, anaharisha. Wengine hupigwa baadaye, saa moja hadi tatu, sukari ya damu ikishuka ghafla mpaka mikono inatetemeka. Watu wa sliivu nao hawajasalimika, ingawa kwao hutokea kwa uchache.

Tofauti ya aisoleti na konsentreti ni laktosi, ile sukari ya maziwa. Konsentreti ya kawaida ina protini kama asilimia 80 na laktosi kidogo. Aisoleti hufika asilimia 90 na laktosi yake haifiki asilimia moja. Watu wazima wengi wa huku kwetu hawasagi laktosi vizuri hata kabla ya kisu, na baada ya baipasi hali huzidi. Anayejaa gesi na kuharisha kila akinywa konsentreti asidhani kuwa upasuaji umeharibika. Abadilishe kopo kwanza. Angalia pia orodha ya viambato: baadhi ya makopo huandika "isolate" kwa herufi kubwa mbele, ukigeuza nyuma konsentreti ndiyo iliyotajwa ya kwanza. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi.

Unga wa kolajeni unauzwa sana siku hizi kwa ahadi ya ngozi na nywele. Usiuhesabu katika zile gramu 60. Protini yake ni pungufu, haina kabisa triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Na nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu mwili umeshtuka kwa kupungua haraka. Mara nyingi huota tena iwapo protini, madini ya chuma na zinki vinatosha.

Kwa nini usiotiwa ladha? Kwa sababu ulimi hubadilika. Chokoleti iliyokuwa tamu kabla ya upasuaji inaweza kuwa chukizo wiki mbili baadaye, na utamu wa sukralosi, ile sukari bandia, huwachosha wagonjwa wengi mapema. Mtu aliyenunua kopo la kilo 2.27 la vanila kabla ya upasuaji ana vipimo zaidi ya 70 vya kitu asichoweza kukinusa. Usiotiwa ladha unaingia kwenye supu, uji mwepesi au mtindi, na ukitaka kuukoleza una hiliki na tangawizi jikoni kwako.

Kukoroga ndiko kunakowashinda wengi, na malalamiko mengi juu ya unga huu yanaanzia kwenye kikombe. Joto likizidi nyuzi 60 hivi, wei huanza kuganda kama ute wa yai, nawe unabaki na madonge yanayoelea kwenye supu. Fanya hivi: weka kipimo kimoja kwenye kikombe, tia vijiko vitatu vya maji baridi, koroga mpaka iwe rojo laini lisilo na punje. Supu ya kuku, iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, iache ipoe mpaka mdomo uivumilie. Kisha imimine kidogo kidogo huku unakoroga kwa uma. Kipimo kimoja kinahitaji mililita 200 hadi 250. Wapo wanaokaza, vipimo viwili kwenye maji kidogo ili "wamalize mapema", na hao ndio wanaolalamika kichefuchefu.

Ukitikisa kwenye chupa yake, iache itulie dakika kumi povu lishuke. Hilo povu ni hewa, na hewa ndani ya tumbo lenye ukubwa wa ndizi inauma kweli. Mrija wa kunywea nao weka pembeni wiki za mwanzo.

Mwendo wa kunywa wiki ya kwanza ni kama mililita 30 kila dakika 15. Piga hesabu: glasi ya mililita 250 inachukua saa mbili. Kwa joto la Dar au Mombasa kinywaji cha protini hakikai mezani saa mbili bila kuanza kubadilika. Gawa nusu, moja ibaki kwenye friji, nyingine kwenye chupa ya chai iliyotiwa barafu. Na maji ya kawaida yanaendelea katikati, mpaka jumla ya vinywaji vyote ifike angalau lita moja na nusu kwa siku. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za kurudishwa hospitali mapema. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, protini isubiri, maji kwanza.

Mpangilio wa kawaida ni wiki mbili za majimaji, kisha wiki mbili za vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini mpaka karibu wiki ya sita au ya nane, ingawa ratiba ya daktari wako ndiyo inayotawala. Kuanzia hatua ya vilivyosagwa, jiko linaanza kulishinda kopo, tena kwa bei. Tuseme kopo la gramu 907 ni shilingi 150,000 za Tanzania. Lina vipimo 29 vya gramu 25 za protini, jumla gramu 725, kwa hiyo kila gramu imekugharimu shilingi 207. Yai la shilingi 400 lina gramu 6, sawa na shilingi 67 kwa gramu.

Maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndiyo mshindi asiyesifiwa. Yana protini kama asilimia 35. Vijiko vitatu vya chakula, kama gramu 24, ukivikoroga ndani ya mililita 250 za maziwa ya kawaida, gramu 8 za protini zinakuwa 16. Kasoro yake ni ile ile laktosi, kwa hiyo jaribu nusu kwanza. Mtindi usiotiwa sukari mara nyingi huvumilika kuliko maziwa ya kuchemsha. Dagaa wakavu, waliotolewa vichwa na kuchaguliwa mchanga, wakasagwa unga, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kijiko kimoja ndani ya supu ya mboga kinabadilisha hesabu ya siku nzima. Ila waoshe kwanza na kuwakausha tena, chumvi na mchanga havina nafasi kwenye kidonda kibichi.

Uji wa lishe tuuseme bila kuoneana haya, kwa sababu kila mama, shangazi na wifi anakuja nao. Kikombe kimoja hutumia unga wa gramu 25 hadi 30 hivi, na sehemu kubwa ni mahindi, ulezi na mchele. Protini yake kwa kawaida haifiki gramu 5. Ukitiwa sukari vijiko viwili unakuwa mlango wa lile jasho na mapigo ya moyo. Ukiletewa, shukuru, kisha uuchuje, usiutie sukari, uache upoe na ukoroge ndani yake kipimo cha aisoleti. Hapo umepata mlo. Unga wa soya wa sokoni nao una protini nzuri, lakini lazima uchemke vizuri, kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia usagaji wa protini yenyewe.

Chakula kigumu kikiruhusiwa, utaratibu ni kitoweo kwanza, mboga ya pili, wanga wa mwisho kama nafasi imebaki. Ugali ni mtihani. Tonge humezwa bila kutafunwa, na tonge likifika kwenye mrija mwembamba linakaa. Dalili ni kifua kubana, mate kujaa mdomoni kama povu, kisha kutapika. Usisukume kwa maji. Simama, tembea, subiri. Chapati, mkate laini na kifua cha kuku kikavu hufanya vivyo hivyo. Samaki wa mchuzi hupita vizuri. Na kinywaji kikae mbali na sahani: acha kunywa unapoanza kula, subiri dakika 30 baada ya kumaliza.

Duka la dawa lina mitego yake. Vidonge vya kalsiamu vinavyopatikana kila mahali ni vya kaboneti, ambayo inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Tumbo lililokatwa, tena kwa mtu anayemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, halina asidi ya kutosha. Tafuta kalsiamu ya sitreti. Kwa siku zinahitajika miligramu 1,200 hadi 1,500, zigawe ziwe dozi za 500 hivi, na kila dozi iachane na kidonge cha madini ya chuma kwa saa mbili. Chai iwe mbali na chuma pia, inakizuia. Multivitamini za peremende, zile laini za kutafuna kama jeli, mara nyingi hazina chuma kabisa, kwa hiyo si mbadala wa vidonge. Anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo asisubiri kliniki ya mwezi ujao: upungufu wa thiamini (vitamini B1) huja haraka na huumiza ubongo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku zinauzwa kama pipi kwa kila maumivu ya mgongo, huleta vidonda kwenye mshono wa baipasi. Mwambie mfamasia umefanyiwa nini kabla hajafungua droo.

Waliowekewa puto tumboni ili wapungue, huduma ambayo wengi Tanzania wameijua kupitia Muhimbili-Mloganzila, hawajakatwa kitu, na puto hutolewa baada ya miezi kadhaa. Siku zao za mwanzo za majimaji unga huu unawafaa vilevile, lakini dozi za vidonge zilizotajwa hapa si zao. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kopo lolote bila daktari wake kumpangia kiasi.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii haionekani mwezi wa kwanza. Inaonekana mwezi wa nane. Majimaji hupita tumboni haraka na hayashibishi, kwa hiyo anayekula milo yake kamili na bado anakunywa glasi mbili juu yake ameongeza kalori ambazo tumbo halikuzihisi, halafu anashangaa mizani imegoma. Samaki, mayai, maharage na mtindi vikishafika gramu 60 kwa siku, kopo lirudi kabatini, litoke siku ya safari au ya homa tu.

Na kabatini kwenyewe: Pwani unga hushika unyevu upesi. Kijiko kilicholowa kikiingia mara moja, wiki ya pili una jiwe. Weka kijiko kikavu nje ya kopo, funga kifuniko mara moja, usiliweke juu ya friji palipo na joto. Unga ulioshikana lakini bado una harufu ya maziwa unaweza kuchekechwa; wenye harufu ya mafuta yaliyochacha mwaga. Wakati wa kununua hakikisha karatasi ya ndani ya mdomo wa kopo haijafunguliwa, tarehe haijabandikwa upya juu ya nyingine, na alama ya TBS au KEBS ipo. Unga unaopimwa kwa mizani na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni usinunue, hata ukiambiwa ni ule ule.