TAHADHARI: Chuo cha uandishi wa habari kinachokupa kitambulisho cha PRESS kabla hujaandika habari hata moja

Ndugu zangu, nawaandikia nyinyi mnaotafuta chuo cha kusomea uandishi wa habari, na zaidi nyinyi mnaowalipia wadogo zenu ada. Mimi nilimlipia mdogo wangu. Ada ya mwaka mzima imekwenda, miezi saba ya maisha yake imekwenda, na hizo karatasi alizobaki nazo hakuna chumba cha habari kinachozipokea. Jina la chuo siliweki hapa kwa sababu malalamiko yetu yako polisi, na wenyewe wameshahamia jina jingine. Nitawaeleza mbinu zao, maana hizo hawabadilishi.

Walitunasa kwa picha. Studio ya kisasa, kamera tatu, mtangazaji mezani, taa za buluu nyuma yake. Nilipoacha namba, wakala akapiga siku hiyohiyo. Sauti ya upole, kila sentensi "kaka yangu". Nafasi zimebaki nne. Ukilipa kabla ya Ijumaa kuna punguzo. Akimaliza, ajira ipo, sisi tuna mkataba na vituo vya televisheni. Nikamuuliza kama chuo kimesajiliwa, akanitumia hati yenye muhuri. Nikaona muhuri, nikaridhika. Ada nikaituma kwenye namba ya wakala mwenyewe, eti akaunti ya chuo ilikuwa "inafanyiwa marekebisho". Nikiyakumbuka haya roho inaniuma.

Wiki ya kwanza tu mdogo wangu akarudi na kitambulisho shingoni: PRESS kwa herufi nyekundu, picha yake, muhuri wa chuo. Alifurahi mno. Alikivaa hata akiwa anafua nguo. Na mimi nilifurahi naye, sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Kitambulisho cha mwandishi hutolewa na chombo kilichokuajiri, na chama cha waandishi, au na mamlaka ya ithibati, yaani inayowatambua waandishi rasmi, kwa nchi zenye mamlaka hiyo. Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari nalo lina kitambulisho chake cha kimataifa, lakini hukipati dukani: kinapitia vyama wanachama na ni cha mtu ambaye tayari anafanya kazi hiyo. Mwanafunzi hupewa kitambulisho cha mwanafunzi, basi. Akienda na hicho cha PRESS kwenye tukio akajitambulisha kuwa ni mwandishi, atakayeingia matatani ni yeye, chuo kitamruka.

Ile studio ya kwenye tangazo hakuiona. Palikuwa na chumba chenye meza, zulia na kamera moja isiyo na betri. "Betri iko kwenye chaji," waliambiwa wiki ya kwanza. Wakaambiwa hivyohivyo mwezi wa tatu. Kipaza sauti kilikuwepo mezani, waya wake ukaishia chini ya zulia, haukuchomekwa popote. Wanafunzi walipigwa nacho picha, na picha hizo zikaenda kwenye matangazo ya kuwanasa wenzao.

Masomo yenyewe yalikuwa imla. Mwalimu anasoma karatasi, wao wanaandika. Baadaye niliyapitia madaftari yake yote manne, ukurasa kwa ukurasa: maana ya mawasiliano, aina za mawasiliano, historia ya redio. Sikukuta habari hata moja aliyoiandika yeye, ikasomwa na mtu, ikarudishwa imekatwakatwa kwa wino. Hajawahi kutumwa kwenye kikao. Hajawahi kumpigia mtu simu kuuliza "hili ni kweli?" Miezi saba! Chuo Kikuu cha Missouri huko Marekani kilipofungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908, wanafunzi walitoa gazeti siku ileile ya kwanza ya masomo. Kazi hii ilijulikana tangu zamani kwamba hujifunzwa kwa kuifanya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, omba uonyeshwe kazi za wanafunzi wa mwaka jana. Gazeti lao, vipindi vyao, tovuti yao, chochote chenye majina na tarehe. Chuo halisi kitakuonyesha mpaka uchoke. Na nisieleweke vibaya: chuo kuwa kidogo au kuwa na vifaa vichache si utapeli. Kuna walimu hodari wanaofundisha kwa simu za mkononi na daftari, na wanafunzi wao wanatoka wakijua kuhoji, kuhakiki na kuandika sentensi iliyonyooka.

Mambo yalifichuka alipokwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Ofisa aliyempokea alikuwa mtu mzuri. Alisoma barua yake, akafungua orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, akaandika jina la chuo. Hakuna. Akaandika tena, herufi kwa herufi, akimwomba mdogo wangu amtajie. Hakuna. Kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Mdogo wangu alinisimulia hayo akiwa ameshika kile kitambulisho mkononi, amekivua.

Hapo ndipo nilipofanya ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kulipa. Ile hati yenye muhuri kumbe ilikuwa ya usajili wa biashara. Hata duka huwa nayo! Usajili wa biashara unasema kampuni ipo, hausemi kwamba inaruhusiwa kufundisha. Kinachotakiwa ni ithibati kutoka kwa mamlaka ya elimu, na si ya chuo tu, ulizia ya kozi yenyewe na ngazi yake. Kipo chuo kinachotambuliwa kwa uhasibu, kikaanzisha uandishi wa habari kimyakimya, na cheti cha kozi hiyo kisitambulike. Orodha itafute mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka au uende ofisini kwao. Usibonyeze kiungo alichokutumia wakala.

Nasema hivyo kwa sababu nao walikuwa na "baraza la ithibati" lao, lenye tovuti nzuri kabisa. Nikaisoma sambamba na tovuti ya chuo: sentensi ileile, kosa lilelile la tahajia. Aliyeziandika zote mbili ni mtu mmoja. Mchezo huu si mgeni duniani. Mei 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyohusishwa na mamia ya tovuti za shule na vyuo vikuu visivyokuwepo, pamoja na mabaraza bandia ya kuvithibitisha. Na kampuni hiyohiyo ilikuwa mbioni kuzindua kituo cha televisheni ya habari.

Wakala pia alijivunia anwani yao ya mtandao inayoishia na .ac, akaniambia hiyo ni ya vyuo tu. Si kweli. Inayofuatwa na herufi za nchi, kama .ac.uk ya Uingereza, ndiyo ya taasisi za elimu. Lakini .ac peke yake ni ya kisiwa cha Ascension katika bahari ya Atlantiki, na yeyote mwenye pesa anainunua.

Majina ya walimu yatafute pia. Mtu anayefundisha uandishi wa habari lazima awe ameacha nyayo: makala, vipindi, utafiti. Halafu piga simu kwenye chumba cha habari chochote, waulize wanapokea wanafunzi wa vyuo gani. Hawafichi. Dakika mbili hizo zingeniokoa.

Kama umeshalipa, usitupe kitu. Risiti, ujumbe wa simu, sauti za wakala, tangazo lenyewe, hifadhi vyote leo, maana wakishtuka wanafuta. Kisha toa taarifa polisi na kwa mamlaka ya elimu. Sisi tulipochelewa wiki mbili, ukurasa wao ulikuwa umeshafutwa, tukabaki na picha chache nilizokuwa nimezihifadhi kwa bahati.

Mojawapo ni ile ya studio. Niliiingiza kwenye programu ya kutafuta picha, ikaniletea kituo cha televisheni cha nchi nyingine kabisa. Na juzi nimeiona tena kwenye tangazo la chuo chenye jina jipya: kamera tatu, taa za buluu, mtangazaji yuleyule mezani. Chini yake wameandika nafasi zimebaki nne.