Samoa au Tonga: chifu wa kuchaguliwa na chifu wa kurithi

Watu wanazichanganya sana hizi nchi mbili sababu zote ni Polynesia, yaani visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ila kwenye uchifu ziko mbali kabisa. Samoa wana wilaya 11 za jadi, kama Atua, A'ana na Tuamasaga, lakini usidhani kuna DC kama wetu anatoa amri huko, nguvu yenyewe iko kijijini kwenye fono, yaani baraza la matai, na matai ni mkuu wa familia anayechaguliwa na ukoo wake, akiwazingua wanaweza kumvua cheo. Hiyo fono inakupiga faini ya nguruwe, mikeka au makatoni ya samaki wa kopo, ikichoka na wewe inakufukuza kijijini, na sheria ya 1990 inaitambua. Ubunge pia lazima uwe matai, hapo ndo sipapendi, maana wengi wao wanaume.

Tonga sasa, katiba ya 1875 iliwapa machifu wachache tu cheo cha kurithi pamoja na ardhi, bungeni wana viti 9, wananchi 17. Kijijini yuko ofisa wa kupigiwa kura, basi. Mi bora Samoa, chifu akiharibu unaanza naye nyumbani.