Glovu za kung'olea upupu: zipi ununue, zipi uziache dukani

Wengi wakiingia dukani kutafuta glovu za upupu huchukua nene kuliko zote. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Upupu wa mikoroshoni huku Mtwara na Lindi hauchomi kama mwiba. Vinyweleo vilivyofunika maganda yake hubanduka kwa kuguswa, hata kwa upepo, na vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini ndicho kinachowasha. Kwa hiyo usiulize glovu ni nene kiasi gani, uliza kama kinyweleo kitateleza juu yake. (Upupu wa majani wa milimani kwenye baridi ni habari nyingine: nywele zake ni sindano zenye sumu, na huko unene una kazi.)

1. PVC (plastiki laini) ndefu, zinazokaribia kiwiko. Ziulizie maduka ya pembejeo, hasa msimu wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Zinateleza, zinaoshwa kwa maji, na mkono wa shati unazama ndani. Ubaya wake ni jasho, basi chukua namba moja zaidi ya mkono wako. Upupu ukiwa umepanda juu ya mkorosho, mikono inakuwa juu na vinyweleo vinadondokea ndani ya glovu. Funga mdomo wake kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

2. Mpira mnene wa jikoni. Rahisi na zinateleza vizuri, ila ni fupi na vijiti vikavu huzitoboa. Kwa palizi ya eneo dogo zinatosha. Nunua jozi mbili.

3. Ngozi za mchomelea vyuma. Miiba haiziwezi, lakini ngozi yenye manyoya hushika vinyweleo na kuvitunza. Utazivua leo, kesho atawashwa atakayezisogeza tu. Ukizinunua, ziwe za kazi hiyo pekee na zikae ndani ya mfuko uliofungwa.

4. Za nyuzi zenye mpira kiganjani. Zimejaa kila duka. Mgongo wa mkono ni uzi mtupu, na vinyweleo vinapita. Achana nazo. Za hospitali zinachanika kabla hujamaliza shina la kwanza.

Kabla ya kulipa, chukua pamba kidogo uipitishe juu ya glovu. Ikiacha nyuzi, vinyweleo navyo vitang'ang'ania. Kisha ijaze hewa, sokota mdomo, iweke karibu na shavu na uibane: penye tundu utasikia hewa inatoka.

Glovu nzuri haikuokoi ukichelewa shambani. Kata shina la upupu chini kwa panga wakati maua ya zambarau yanachanua, kabla maganda hayajafunga. Kama yamekwisha kukauka, ingia alfajiri umande ungalipo, upepo ukiwa mgongoni. Usiuchome moto, joto hupandisha vinyweleo, na mikorosho yako inaungua.

Kazi ikiisha, osha glovu zikiwa bado mkononi, kwa sabuni, mbali na njia ya watu. Ndipo uzivue kwa kuzigeuza ndani nje.

Ukishawashwa usijikune wala usisugue majivu, unavizamisha vinyweleo. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue, chukua kipande kipya, rudia mara kadhaa, halafu osha kwa sabuni na maji baridi. Vikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi bila kulipekecha na uende zahanati siku hiyohiyo.