TAHADHARI: oili ya tustroku feki Gerezani, mashine yangu ya kufyekea imenoki

Wadau wenzangu wa kufyeka majani na kutunza bustani someni hii kabla hamjaenda mjini kununua mahitaji, maana masika ndo haya nyasi zinakimbia na kila mtu anakimbilia oili na uzi wa kukatia nyasi. Mimi nafyeka Goba na Madale, nina mashine ya Kichina ya cc 52 (ukubwa wa injini), ndo inanilisha mimi na wanangu. Mwezi uliopita nikanunua oili ya tustroku, ile ya kuchanganya na petroli, lita moja moja, chupa tatu, kwenye duka moja la spea pale mtaa wa Gerezani, Dar, duka silitaji ila lina fundi anakaa nje mlangoni kabisa, hilo likumbukeni.

Wiki ya kwanza mashine ikaanza kuchoka. Ukiwa hewani inanguruma vizuri, ukigusa nyasi nene tu inashuka uzi unazunguka kivivu, nyasi zinalala badala ya kukatika. Nikafanya yale yote tunayofanyaga, nikaosha sponji ya eakilina (kichujio cha hewa) kwa sabuni, nikapunguza uzi maana ukiwa mrefu kupita kile kisu cha kwenye kinga injini inaelemewa, nikapaka grisi pale shingoni, nikamwaga petroli ya zamani nikaweka mpya. Wapi. Nikafungua plagi ikawa nyeusi tii ina utandu mgumu, nikafungua egzosti kile kichujio cha waya kimezibwa na masizi kama lami. Nikakisafisha ikapata nguvu siku mbili, ya tatu ikazima katikati ya uwanja wa mteja na kamba haivutiki kabisa. Imenoki.

Nikarudi dukani. Jamaa hata hakuiangalia oili, akasema umechanganya vibaya, mpe fundi hapo. Fundi dakika kumi ashafungua, pistoni imechanika upande wa egzosti, ringi zimeganda, akataka elfu tisini za silinda na pistoni, na box la spea akalitoa ndani ya duka lile lile! Sasa nimekaa pale nawaza hela natoa wapi, akaja dogo na kiroba kizima cha chupa tupu za oili ya tustroku, lebo zipo vizuri, zikahesabiwa akalipwa akaondoka. Hapo nikaelewa kila kitu jamani, nikabeba mashine yangu vipandevipande nikaondoka.

Nyumbani nikaangalia ile chupa ya tatu ambayo sijafungua. Ile pete ya plastiki chini ya kizibo ambayo hukatika ukifungua mara ya kwanza, ilikuwa imeshakatika ikagundishwa na supaglu. Nikadondosha tone kwenye tishu nyeupe nikaacha mpaka asubuhi, katikati pamebaki duara jeusi la masizi na harufu ya kuungua. Ni oili chafu ya magari imepigwa rangi. Na mashine zetu hazina sampu, yaani tangi la chini la oili kama la gari, ile inayochanganywa na petroli ndo hiyo hiyo inalainisha pistoni na beringi zote, sasa ukiweka uchafu wa injini ya mtu mwingine unategemea nini?

Kwa hiyo kagua pete ya kizibo palepale dukani, na omba risiti ya EFD, mimi niliandikiwa kikaratasi tu na ndo maana leo sina nguvu ya kumbana. Soma na lebo pia, tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD, hizo ni alama za ubora wa oili ya tustroku. Kuna wanaouza ile ya TC-W3, hiyo sio feki ila ni ya injini za boti zinazopozwa na maji, yetu inapozwa na upepo inachemka zaidi, usiichukue hata kama ni bei rahisi. Vipimo fuata kitabu cha mashine yako, yangu ni 25 kwa 1 yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli, napima kwa bomba la sindano, mambo ya kukadiria kwa kizibo niliacha zamani.

Hata uzi wao kaeni nao mbali, niliuziwa wa milimita 3 kuupima ni 2.4 na unakatika kila ukigusa ukuta. Uzi mzuri wa nailoni ukikauka unauloweka kwenye maji usiku mmoja unarudi kuwa laini, ule niliuloweka siku mbili ukabaki mkavu kama njiti.

Chupa niliyobaki nayo naipeleka FCC (Tume ya Ushindani), wao ndo wanashughulika na bidhaa bandia, nawe kama una chupa ya duka hilo usiimwage tupeleke pamoja. Na tafadhali sana, oili ikiisha toboa chupa kwenye kitako kabla hujaitupa, maana chupa zetu wenyewe ndo zile nilizoziona kwenye kiroba.